Kabla ya Kuchimba Msingi, Tuiulize Ardhi

Ndugu wasomaji, hasa akina mama wenye kutunza nyumba wakati waume zao wako kambini au kwenye zamu, mtaniwia radhi leo nikiacha habari za mapishi na malezi ili nizungumze juu ya hewa iliyomo ndani ya udongo. Hata hivyo sitoki mbali na mambo ya nyumbani. Hewa tunayoivuta usiku tukiwa tumelala haitoki dirishani peke yake. Sehemu yake hupanda kutoka chini ya sakafu ile ile tuliyotandika mkeka, na mtoto mchanga, aliye karibu zaidi na sakafu kuliko sisi sote, ndiye wa kwanza kuivuta.

Mwambao wetu wa Tanganyika, kutoka Bujumbura kushuka Rumonge hadi Nyanza-Lac, umeshikwa na njaa ya viwanja. Ziwa lilipanda mwaka 2021, likapanda tena mwaka 2024, na familia nyingi zikaona maji yakiingia mlangoni bila hodi. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika zisijengwe, na waliokuwa wameipuuza sheria hiyo walifundishwa na ziwa lenyewe. Tena wako ndugu zetu waliokimbilia Tanzania tangu mwaka 1972, ambao walirudi kwa maelfu na kukuta mahali pa baba zao pamelimwa na watu wengine. Juu ya hayo yote watu wanazaana, vijana wanaoa, askari wanastaafu. Kila mmoja anataka kipande chake cha ardhi, na ardhi haizai.

Kazi yangu ni ya ofisini, kupokea maombi ya viwanja na kuyapanga. Kwa miaka niliyoifanya nimejifunza kulitilia shaka neno moja linaloandikwa katika karibu kila ombi, nalo ni neno “tupu”. Mwombaji huandika, “Naomba kile kiwanja kitupu kilicho kando ya barabara.” Hapa Rumonge hakuna ardhi tupu. Mahali pasipo na nyumba pana habari zake. Ama pana mwenyewe aliyekimbia, ama pana kesi, ama pana makaburi, ama pana kitu kilichozikwa ambacho si mtu.

Habari ya kitu cha namna hiyo ndiyo niliyotaka kuwasimulia. Kulikuwa na kiwanja kipana upande wa kushuka bandarini, kilichoota majani marefu, chenye mabaki ya saruji katikati. Shirika moja la misaada lilikitaka ili kuzijengea nyumba familia zilizofukuzwa na maji. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye ni askari polisi, naye alikuwa ametia jicho pembe moja ya kiwanja hicho. Alikuwa amejiwekea akiba kwa miaka mingi, dada alikuwa mjamzito, na nyumba waliyopanga ilivuja. Hamu yake niliielewa vizuri.

Kabla ya karatasi kwenda popote nilimwendea mzee mmoja mvuvi, mwenye umri wa kukumbuka mambo, nikamwuliza pale palikuwa na nini.

“Mwanangu,” akasema, “pale palikuwa na pampu. Tulinunua mafuta ya injini za mitumbwi, na malori ya mawese yalijaza mazutu. Biashara ilipokufa, walikuja wakang’oa pampu. Lile pipa kubwa la chini sikuona mtu akilitoa.”

Mzee huyo hakuwa na ramani wala cheti, lakini kwa maneno hayo machache alitupa habari ambazo majalada yetu hayakuwa nazo.

Yafaa nieleze kidogo kinachotokea pipa la chuma linapoachwa ardhini. Chuma hupata kutu, petroli hupata tundu. Petroli ikivuja hushuka katikati ya chembe za mchanga mpaka ikutane na maji ya chini, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake kama mafuta ya mawese yaeleavyo juu ya mchuzi. Hapo hukaa, pengine miaka makumi, huku ikitoa mvuke. Mvuke huo hupanda katika nafasi zilizoko kati ya chembe na chembe. Ardhi ikiwa wazi, mvuke hutoka taratibu ukapotea hewani wala hakuna anayejua. Lakini ukiweka sakafu ya saruji juu yake, umeifunika sufuria. Mvuke hutafuta njia, na njia haikosekani, kwani sakafu ina nyufa, bomba la maji limepenya mahali, na ukuta haujakutana sawasawa na msingi. Usiku, nyumba ikiwa na joto kuliko nje, hewa ya ndani hupanda na kutokea darini, na nyumba nzima hunyonya hewa ya chini kama mtu anyonyaye kwa mrija.

Mungu ameweka msaada ndani ya udongo wenyewe. Wamo vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hula mvuke wa petroli, mradi vipate hewa safi. Mita mbili tatu za udongo mkavu, wenye hewa, mara nyingi hutosha kuumaliza mvuke kabla haujafika juu. Ndiyo maana si kila mahali palipomwagika petroli ni pa hatari, na mtu asitishwe bure. Lakini hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya nchi za mbali havilitilii mkazo. Ziwa linapopanda, maji ya chini ya ardhi nayo hupanda pamoja nalo katika mchanga wa mwambao, na kile kilichokuwa kikielea juu yake huinuliwa. Udongo mkavu uliokuwa mita tatu hubaki mita moja. Vijidudu hukosa nafasi ya kufanya kazi yao. Kwa hiyo kiwanja kilichokuwa salama mwaka 2015 si lazima kiwe salama baada ya mwaka 2021, ingawa hakuna mtu aliyekigusa.

Katika mvuke huo inayoogopwa zaidi ni benzini, ambayo ni sehemu ndogo ya petroli. Huharibu mahali damu inapotengenezwa ndani ya mifupa, na imethibitishwa kuwa huleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango chake kinachoweza kuitwa salama kwa mtu kuvuta. Tena hudhuru ikiwa kidogo mno kwa pua kuihisi. Shemeji aliposema, “Lakini nimesimama pale na sikusikia harufu yoyote,” ilinibidi nimwambie kwamba pua ni mlinzi mwema asiyelala lakini haoni mbali, na ikizoea harufu hunyamaza kabisa.

Wako pia wavamizi wasio na harufu hata kidogo. Tuvuke mpaka twende Goma, kando ya ziwa Kivu. Watu wa huko, ambao wengi husema Kiswahili kama sisi, wana neno “mazuku”. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini katika mabonde madogo magharibi ya mji, pande za Mugunga, Bulengo na Sake, chini ya mlima wa moto wa Nyiragongo. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu. Usiku usio na upepo hujaa katika shimo kama maji yasiyoonekana. Mbuzi akishuka kula majani hapandi tena. Mtoto akimfuata mbuzi, hali ni hiyo hiyo. Katika hewa ya kawaida gesi hii haifiki hata sehemu moja katika elfu; ikifika sehemu 10 katika mia, mtu huzimia baada ya dakika chache. Wakimbizi walipofurika Goma mwezi Julai 1994, na tena wahamiaji wa vita vya miaka ya karibuni, wengi waliwekwa katika ardhi hiyo hiyo, kwa sababu ilionekana tupu. Wenyeji walikuwa na sababu ya kutoijenga! Wachunguzi wa volkeno wa Goma huzunguka na vipimo vyao kupima mashimo hayo, na mabango ya onyo huwekwa. Kabla ya hapo kila kifo kilikuwa kazi ya pepo au ya jirani mwenye wivu.

Mtu wa Rumonge asiseme hayo ni ya Goma. Bonde letu na lao ni ufa mmoja wa dunia. Maji moto ya Mugara, tunapokwenda kuoga na kutibu viungo, hutoka katika ufa huo. Ng’ambo, kwenye ncha ya Banza katika rasi ya Ubwari, inayotazamana na sisi, wataalamu walikuta katika miaka ya 1980 chemchemi za maji moto chini ya maji ya ziwa. Sisemi kwamba Rumonge ina mazuku. Nasema tu kwamba ardhi yetu ni hai, na kitu kilicho hai hupumua.

Waliosomea ualimu wanajua kwamba mtoto haamini mpaka aone, na mtu mzima vilevile. Nilimfanyia shemeji jaribio nililofundishwa chuoni. Weka mishumaa miwili ndani ya beseni yenye kina, mmoja mfupi na mwingine mrefu, uiwashe. Katika jagi mimina siki juu ya soda ya kuumulia mandazi. Itatoka povu. Povu likitulia, inamisha jagi taratibu juu ya ukingo wa beseni, bila kumwaga siki, kana kwamba unamimina kitu kisichokuwapo. Mshumaa mfupi utazimika kwanza, na mrefu utaendelea kuwaka. Shemeji alinyamaza kitambo, kisha akauliza dada hulala kitanda cha urefu gani.

Tangu hapo hakunipinga tena juu ya upimaji, ila aliuliza gharama. Gharama si ndogo, nami sitaki kuwadanganya wasomaji. Lakini shirika lile, kwa kuwa lilikuwa likijenga nyumba nyingi, lilikubali kumleta fundi mwenye vifaa, na mimi nilisimama naye siku mbili nikiona kazi yake.

Huchomeka chuma chembamba chenye uwazi ndani, akikigonga kwa nyundo hadi kina cha mita moja na nusu hivi. Ndani yake hupitisha mrija. Juu, pale chuma kinapoingia ardhini, huziba kwa udongo mfinyanzi uliolowekwa, kwa sababu hewa ya juu ikiingia, kipimo kitasema uongo mtamu. Kisha hungoja ardhi itulie. Huvuta kwanza hewa iliyokuwa ndani ya mrija wenyewe na kuitupa. Ndipo huvuta hewa ya udongo ikapita kwenye chombo kidogo cha mkono kinachoonyesha tarakimu. Mahali panapotia shaka, huiingiza katika chupa ya chuma iliyotolewa hewa yote, ikapelekwa maabara ya mbali. Haifanyiki mvua iliponyesha juzi, kwani maji huziba nafasi za udongo na mvuke hujificha. Tena haifanyiki mara moja tu. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kina habari yake, na majira ya mvua yana yake.

Nilimwuliza kwa nini hachukui tu konzi ya udongo akaipima. Akajibu kwamba konzi ya udongo hukupa habari za konzi ile, tena benzini hutoroka njiani kabla ya kufika maabara. Hewa ya udongoni hukusanya habari za eneo zima, kama vile muuza samaki sokoni ajuavyo habari za mitumbwi yote. Hata hivyo udongo wa juu tuliupima pia kwa ajili ya risasi, yaani ile madini iliyotiwa zamani katika petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, lakini risasi haiozi, na mama anayepanda lengalenga mahali palipokuwa na pampu anaweza kuipika bila kujua.

Nchi tajiri hazikuzaliwa na ujuzi huu. Huko Marekani, katika mji wa Niagara Falls, kampuni moja ilizika maelfu ya tani za taka za kemikali katika mfereji mkavu uitwao Love Canal, ikaufunika kwa udongo, na mwaka 1953 ikaitoa ardhi hiyo kwa bodi ya shule kwa bei ya dola moja. Ikajengwa shule, zikajengwa nyumba. Mwezi Agosti 1978 serikali ilitangaza hali ya hatari na kuanza kuwahamisha watu. Katika Lekkerkerk, Uholanzi, mwaka 1980 familia zipatazo 270 zilitolewa nyumbani mwao kwa sababu kama hiyo. Na huko Loscoe, Uingereza, alfajiri ya 24 Machi 1986, nyumba iliyokuwa karibu na jalala la zamani ililipuka, na watu watatu waliokuwamo wakajeruhiwa. Gesi ya takataka zilizooza ilikuwa imepita ardhini ikajaa chini ya sakafu. Siku ile uzito wa hewa ya angani ulishuka ghafla, na ardhi ikatoa pumzi. Gesi hiyo ya metani ikiwa kati ya sehemu 5 na 15 katika mia ya hewa, cheche moja yatosha.

Kwa cheche, watu wa bonde la Rusizi hawahitaji mfano wa Uingereza. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, kaskazini ya Uvira, na zaidi ya watu 200 walikufa motoni. Mvuke wa petroli hutambaa chini kama nyoka mpaka uikute mbabula ya jirani. Nayasema haya kwa sababu katika miaka ya uhaba wa mafuta tuliyoiona, nimekuta bidoni za petroli chini ya vitanda vya watu wenye akili timamu. Mtu anakataa kujenga juu ya pipa la zamani, kisha analala juu ya jipya.

Askari na mapolisi wananielewa zaidi katika jambo lingine. Kila kambi ina ile pembe ambapo magari humwagiwa oili na mafundi huoshea vyuma kwa petroli. Kambi ikihamishwa, pembe ile huonekana tambarare, safi, na ya bei nafuu. Ukitaka kununua mahali, waulize madereva wastaafu kabla hujawauliza madalali. Tazama kisima cha jirani, kama maji yake yana rangi za upinde wa mvua. Tazama mahali majani yanapokataa kuota bila sababu. Vunja donge la udongo wa chini, si wa juu, ulisikilize kwa pua. Dalili hizi hazitoshi kukupa ruhusa ya kujenga. Zatosha tu kukuzuia. Sheria ya mazingira ya nchi yetu, ya mwaka 2000 na marekebisho ya mwaka 2021, inazo njia za kuwataka wajenzi wa miradi mikubwa wachunguze kwanza, lakini mtu mmoja mwenye kiwanja chake kimoja hana wa kumwuliza, na hapo ndipo nadhani ofisi kama zetu zingepaswa kuwa na daftari moja la mahali palipokuwa na mafuta, magereji na majalala. Daftari halihitaji fedha za wafadhili. Linahitaji kalamu, na wazee wakiwa bado hai.

Majibu ya kiwanja chetu yalikuja vipande vipande. Upande wa juu, karibu na barabara, chombo hakikuonyesha kitu cha kutisha katika shimo lolote. Upande wa chini, kuanzia kwenye mabaki ya saruji kuelekea ziwani, tarakimu zilipanda kwa kila hatua, na maabara ikathibitisha benzini. Mafuta yalikuwa yamefuata mteremko wa maji, kama mzee mvuvi angalivyoweza kutuambia. Pembe ya shemeji ilikuwa ya chini.

Hakupendezwa. Alisema Rumonge nzima imejengwa bila mrija na watu wanaishi. Dada yangu ndiye aliyemjibu, kwa sauti ndogo, kwamba yeye hatazaa mtoto aje kuwa kipimo. Neno hilo lilimaliza shauri.

Nyumba za familia zilizohamishwa zilijengwa upande wa juu, na fundi alishauri jambo lisilo na gharama kubwa ambalo naona lingefaa popote penye mashaka. Chini ya sakafu hutandazwa kokoto, juu yake karatasi nene ya plastiki isiyo na tundu, na katika kokoto huwekwa bomba linalopanda ukutani hadi juu ya paa, ili hewa ya chini ipite huko badala ya kupita chumbani. Shemeji alipata kiwanja kingine mbali kidogo, mlimani, ambako huchukua muda zaidi kufika kazini. Hulalamika juu ya mwendo, hasa mvua ikinyesha.

Pipa la zamani lilifukuliwa kiangazi kilichofuata. Lilikuwa na matundu ya kuingiza kidole. Udongo mweusi uliolizunguka ulichimbwa ukatandazwa mbali na makazi na visima, upate hewa, vijidudu vifanye kazi yao. Upande wa chini haukugawiwa mtu. Kuna vyuma vitatu vilivyoachwa ardhini, kila kimoja na kofia yake iliyofungwa kwa kufuli watoto wasivichezee, na hupimwa mara mbili kwa mwaka, kiangazi na masika. Tarakimu zinashuka, polepole. Funguo ziko mezani kwangu.